Wawili Waliobaki Kwenye Baridi

Mama mkwe wangu huwaombea wajukuu watano kila asubuhi, kila mmoja kwa jina lake. Mmoja yuko hai, anakimbia, na juzi alitumbukiza simu yangu kwenye ndoo ya maji ya kufulia. Wawili hawakufika popote. Wawili waliobaki wamo ndani ya tangi la baridi katika kliniki moja huko Nyarutarama, hapa Kigali, wadogo kuliko nukta ya kalamu, na kliniki inataka mimi na mume wangu tuseme wafanyiwe nini. Mimi siwezi tena kubeba mimba. Kwa hiyo hatuwezi kujibu kwamba tutawahitaji baadaye.

Nitaeleza kwa mpangilio, maana kazi yangu ni kuhariri habari za Kiswahili redioni na sijui kueleza kwa namna nyingine. Nilipokuwa natafuta maneno ya mtu aliyepita njia hii kabla yangu, nilipata ya aina mbili. Kulikuwa na ya madaktari, yenye michoro, na kulikuwa na ya ushuhuda wa kanisani, ambapo mama analia mwanzoni na kabla hujageuza ukurasa ana mapacha. Katikati hapakuwa na kitu, na mimi niliishi katikati kwa miaka mitatu.

Naitwa Odeta. Nilizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, kwa wazazi wakimbizi kutoka Rwanda. Mume wangu, Janvier, alikulia Bujumbura. Tulikutana hapa Kigali, tukaoana tukiwa tumepita umri ambao majirani huuvumilia. Tunakaa Batsinda. Yeye anachomelea milango na mageti ya chuma Nyakabanda, hatua chache kutoka duka la mama yake, ambaye anauza vitenge na kujua habari za kila mtu.

Mirija yangu ya uzazi ilikuwa imeziba yote miwili. Hiyo ndiyo sayansi yote mtakayoipata kwangu. Daktari alisema mayai yatatolewa, yatakutanishwa na mbegu za Janvier maabara, na kitakachoota kitarudishwa. Alisema kwa sauti ya mtu anayekuelekeza njia ya kwenda sokoni.

Chumba cha kusubiri kilikuwa ghorofa ya pili. Ghorofa ya chini kulikuwa na daktari wa meno, na hiyo ilikuwa rehema kubwa kuliko dawa zote, kwa sababu kila aliyekutana na mtu anayemfahamu pale mlangoni alisema amekuja kung'oa jino. Siku moja nilimkuta pale juu mwanamke tunayesali naye parokia moja. Tuliangaliana. Akashika shavu.

"Jino," akasema.

"Na mimi," nikasema.

"La juu au la chini?"

"La chini kabisa, dada."

Alicheka mpaka watu wa mapokezi wakageuka. Baada ya hapo tulikaa saa nzima tukitazama ukuta wenye picha za watoto wanono ambao hakuna hata mmoja aliyefanana na mtoto ambaye yeyote kati yetu angeweza kumzaa. Sijui nani huchagua picha hizo. Kama anasoma hapa, ajue zinachosha.

Sindano zilianza wakati wa masika. Nilijidunga mwenyewe tumboni, kwa sababu Janvier, ambaye hushika chuma chenye moto siku nzima, aliona sindano ya kwanza akakaa sakafuni. Tumbo likawa na madoa ya buluu na manjano. Nililia kwa sababu mtangazaji alitamka vibaya jina la mto. Nilimfokea muuza maparachichi. Nilifunga sketi kwa pini, kisha pini ikashindwa, nikavaa magauni.

Siku ya kutoa mayai iliangukia Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, wakati mji mzima uko barabarani na majembe na magari hayatembei mpaka karibu na adhuhuri. Mayai hayajui umuganda. Saa yao ikifika imefika. Ilibidi tutoke Batsinda alfajiri ili tusizuiwe njiani, tukakaa ndani ya gari nje ya kliniki ambayo ilikuwa bado haijafunguliwa, mbele ya ukuta wa jumba moja lenye maua mengi. Mlinzi wa jumba alikuja, akagonga kioo.

"Kama ni kazi ya bustani," akamwambia Janvier, "bosi ameshapata mtu."

Janvier akamshukuru. Hakuwa na nguvu ya kueleza.

Viliota viinitete vitano. Nilipaswa kurudishiwa kimoja siku chache baadaye. Badala yake nilivimba. Kuna wanawake ambao dawa zile huwazidi, na maji hujaa tumboni, na mimi nilikuwa mmoja wao. Tumbo lilikaza kama ngoma. Nililala nimekaa, mito mitatu mgongoni, nikipumua kidogo kidogo. Kupanda ngazi za nyumba yetu ilikuwa safari. Daktari akasema hakuna kurudisha kitu ndani ya mwili ulio katika hali hiyo, ni hatari. Viinitete vyote vitano vigandishwe, tusubiri nitulie.

Sasa nifike kwenye kosa letu, ambalo nawaomba mlisome polepole.

Hatukuwa tumemwambia mama mkwe lolote. Ni Mkatoliki wa kila siku, si wa Jumapili tu, na tulijua Kanisa lake linasemaje kuhusu watoto wanaoanzia maabara. Lakini mtu mmoja wa Batsinda aliniona nikishuka kwenye gari na tumbo lile. Habari ilifika Nyakabanda kabla sijafika kitandani. Kesho yake mama alikuja na termosi ya uji wa mtama, kibuyu cha maziwa, na wanawake wawili wa ukoo nyuma yake, wote wamevaa mishanana kama wanaokwenda kwenye sherehe.

"Mukazana wangu," akasema, kwa maana huniita hivyo, mke wa mwanawe. "Unanificha mimi? Mimi mama ya watu saba? Hii tumbo iko na miezi ine, mimi sikuzaliwa jana."

"Mama, ni maji tu."

"Maji!" Akawageukia wenzake. "Wameita mtoto maji."

Wakapiga vigelegele. Mmoja akanishika tumbo, nikapiga kelele ya maumivu, akasema mtoto ni wa kiume, anakataa kuguswa. Kwetu huwa tunampelekea uji na maziwa mama aliyekwisha kujifungua. Hawa walikuwa wameniletea kwa mimba isiyokuwepo, na walikuwa wanaimba. Nilitaka kuwatupia termosi.

Janvier alitoka jikoni. Alikuwa hajalala usiku mwingi, na alikuwa na hofu kwamba ningekufa. Angeweza kusema mke wangu ni mgonjwa, tafadhali rudini kesho. Angeweza kusema ni matibabu. Alisema hivi, kwa sauti kubwa:

"Mama, hakuna mtoto tumboni! Watoto wako kliniki! Wako watano, wamewekwa kwenye baridi!"

Vigelegele vikakatika. Termosi ikawekwa chini.

"Watano," mama akasema.

"Watano."

"Kwenye friji."

"Si friji, Mama, ni tangi la..."

"Yezu we," akasema mama, akakaa.

Huo ndio ushauri wangu wa kwanza kwa anayeanza. Kabla ya sindano ya kwanza, wewe na mwenzako kubalianeni mtaviitaje vitu hivyo mbele ya watu. Mkichelewa, mwenye hofu zaidi ndiye atakayechagua, naye atachagua neno moja ambalo hamtaweza kulirudisha.

Mama aliondoka akiwa na hasira. Alisema mtoto hatengenezwi kama soda. Hakupokea simu za mwanawe kwa muda wote wa vumbi la Juni. Mimi nilikojoa maji yangu, nikapungua, nikarudi kazini. Kisha Jumapili moja alijitokeza mlangoni, peke yake, na kabla hajaketi akataja majina: Mugisha, Shema, Ineza, Hirwa, Ganza.

"Ni nini hayo, Mama?" nikauliza, ingawa nilikuwa nimeshaelewa na damu ilikuwa imeshanipanda kichwani.

"Ni watoto. Padri amesema njia yenu ni mbaya. Sawa, mutaungama. Lakini watoto hawana kosa. Iko vibaya watoto wakae kwenye baridi bila jina."

"Hatujui hata kama ni wa kike au wa kiume."

"Ndiyo maana nimechagua yale yanafaa wote."

Nilimweleza. Nilitumia sauti yangu ya redioni. Nikasema ni chembechembe, Mama, ni chache, hazina moyo, hazina damu, nyingi huwa hazifiki mbali hata zikiwa ndani ya mama mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kama mtu anayesikiliza taarifa ya hali ya hewa ya nchi nyingine.

"Odeta," akasema, "familia yetu iko watu wachache. Wewe unajua sababu. Mimi sitaacha mutu nje."

Alimaanisha mauaji ya kimbari. Sidhani kuna mtu wa umri wetu nchini humu ambaye angekuwa na jibu.

Vuli ilipoanza nilirudishiwa kiinitete cha kwanza. Nililala, nikaona kwenye skrini kidoa cheupe kikiingia, nikaambiwa nirudi nyumbani niishi kawaida. Hakuna anayeishi kawaida. Nilitembea kama niliyebeba yai kwenye kijiko. Nilikataa pikipiki, nikakataa pilipili, nikakataa kucheka sana. Damu ilikuja kabla ya siku ya kipimo, nikiwa studio, dakika chache kabla ya taarifa ya saa saba.

Kliniki walinipigia wakasema mzunguko haukufanikiwa, wakanipangia tarehe nyingine. Walikuwa na adabu. Nilisema asante. Janvier alisema tutajaribu tena, na akaenda kuchomelea geti ambalo halikuwa na haraka yoyote.

Mama mkwe aliuliza: "Ni yupi?"

"Mama, hawana..."

"Ni Mugisha," Janvier akasema, kutoka chumba kingine.

Nilikasirika naye kuliko nilivyowahi kukasirika na mtu. Wiki ile nilipopita Nyakabanda kumpelekea chakula karakana, nilikuta viti nje ya nyumba ya mama. Duka limefungwa. Wanawake wameketi na shuka mabegani, kimya, na sufuria kubwa ya chai jikoni. Alikuwa amefanya kilio. Kwa majirani alisema ni mjukuu, hakueleza zaidi, na kwa watu wetu hiyo inatosha. Mtu haulizi, anakuja anakaa.

Nilisimama pale na hasira yangu. Nilitaka kuwaambia warudi makwao, kwamba hakuna aliyekufa, kwamba kile kidoa hakikufikisha hata wiki mbili. Mwanamke mmoja nisiyemjua akasogea kwenye benchi, akanipa nafasi na kikombe. Nikakaa. Nililia mpaka chai ikapoa, na hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba bado nina umri, au kwamba Mungu ana mpango. Naliandika hili kwa sababu ni kweli, si kwa sababu limenifanya nikubaliane na mama. Hasira ilinirudia nikiwa njiani kwenda nyumbani.

Januari tulijaribu tena. Walipoyeyusha kiinitete cha pili hakikustahimili. Kilivunjika kabla ya kutolewa kwenye kijibakuli chake. Daktari alikuja kuniambia nikiwa tayari nimelala na gauni la kliniki, miguu juu. Ni mwanamke aliyekulia Kampala, Kiswahili chake ni kigumu, kwa hiyo huwa hazungushi maneno.

"Hiki kimekufa," akasema. "Nayeyusha kingine?"

"Yeyusha."

Kile cha tatu kilikaa.

Sitaeleza ujauzito, wengi wameueleza. Nitasema tu kwamba nilitapika mpaka Pasaka, na kwamba niliendelea kwenda kwa "daktari wa meno" hata tumbo lilipoonekana, kwa mazoea, mpaka jirani akaniuliza kwa upole kama nina uhakika tatizo ni jino. Binti yetu alizaliwa mvua za vuli ziliporudi. Kondo la nyuma lilikuwa limeng'ang'ania, damu haikukata, na ili nibaki hai walinitoa kizazi. Niliamka nikaambiwa mambo yote mawili kwa pumzi moja: mtoto mzima, kizazi hakipo. Janvier alikuwa ameketi kando ya kitanda amemshika mtoto kama anavyoshika kioo cha mteja.

Tulimpa jina Ineza. Tulikuwa tumechoka kubishana.

Miezi kadhaa baada ya hapo, kliniki walianza kuuliza kuhusu viwili vilivyobaki. Kwa kweli walikuwa wametuuliza siku ya kwanza kabisa, kabla ya sindano, na tulijibu "vihifadhiwe" kwa haraka, kama mtu anayeulizwa kama anataka sukari kwenye chai. Huo ni ushauri wangu wa pili. Usijibu haraka. Mwenye kiu ya mtoto mmoja hawezi kufikiri kuhusu wa tano, lakini jaribu.

Njia ziko hivi. Vinaweza kubaki kwenye tangi. Vinaweza kuyeyushwa na kuachwa viishe. Vinaweza kupewa wenzi wengine wasiopata. Au vinaweza kubaki maabara, ambako wataalamu wapya watajifunzia kugandisha na kuyeyusha, na kutazama kwa nini kimoja huvunjika na kingine hukaa.

Nilimuuliza daktari kuhusu hiyo ya mwisho. Nilimuuliza kama mwandishi: nani anaangalia, wanavitunza mpaka lini, kuna kikomo gani. Alijibu yote. Kisha nikamuuliza swali ambalo halikuwa la kiuandishi, kama yeye angeweza kutoa vyake.

"Unafikiri sisi tulijifunza kwa nini?" akasema. "Kwa mayai ya kuku? Kuna mama alitoa vyake. Mikono yangu ilitetemeka, nikaviharibu. Kisha nikaacha kutetemeka. Halafu ukaja wewe."

Tangu siku ile, mimi najua ninachotaka. Viende maabara. Binti yangu alitoka kwenye mikono iliyojifunza kwa vya mtu mwingine, na naona ni aibu kupokea bila kurudisha. Nilimwambia mama mkwe hivyo, kwa utaratibu, nikiwa nimejiandaa.

"Hirwa na Ganza wakafanyiwe mazoezi?" akasema. "Kama nguo ya fundi cherehani anayejifunza?"

"Basi wapewe watu wasio na mtoto. Zamani si mlikuwa mnampa ndugu asiyezaa mtoto wa kulea?"

"Ndugu, ndiyo. Ndugu namujua. Nitakwenda kumuona, nitamupelekea nguo. Hawa munataka kuwapa watu bila jina. Nitapita sokoni na mjukuu wangu ananiuzia nyanya na simusalimu?"

"Mama, basi unataka nini? Mimi sina kizazi!"

Nilipiga kelele. Ineza akaanza kulia. Mama akamchukua, akamfunga mgongoni, akasema kwa sauti ya chini kwamba hajui anataka nini, kwamba yeye anajua tu asichotaka, na kwamba nisimpigie kelele mbele ya mtoto.

Ningeweza kumshinda mama mkwe. Si yeye anayetakiwa kukubali. Anayetakiwa kukubali ni Janvier, na Janvier anataka viendelee kukaa kwenye tangi. Nimemuuliza mpaka lini. Anasema si lazima kujua mpaka lini. Nimemuuliza kama anaamini ni watoto, anasema hapana. Nimemuuliza kama anaamini si watoto, anasema hapana. Mtu ambaye hupima geti mara tatu kabla ya kukata chuma! Jana usoni alikuwa na masizi ya kazini, nikamwambia, Janvier, sema kitu kimoja kilichonyooka. Akasema: "Mimi ndiye niliyewaita watoto. Siwezi kuwa mimi nitakayesema watolewe."

Nimelala na jibu hilo, nimeamka nalo, na bado linaniudhi, kwa sababu si hoja na sijaweza kulibomoa.

Ikiwa uko ghorofa ya pili mahali fulani, umeshika shavu, sikuambii uache. Nina binti. Ningerudia yote, hata tumbo la maji, hata vigelegele. Nakuambia tu kwamba hakuna aliyenionya kuwa matibabu yanaweza kukuletea ulichoomba na bado yakakuachia kitu mkononi ambacho huwezi kukiweka chini.

Kliniki walipiga tena leo asubuhi. Walieleza kwamba hawawezi kufanya lolote bila sahihi zetu zote mbili, yangu na ya mume wangu. Nikauliza itakuwaje kama sahihi ya pili haiji. Dada aliyepiga akasema ataenda kuuliza. Hajapiga tena.